Kipanya Hakina pa Kwenda

Saa mbili usiku, Tukuyu, mvua haijaamua kukoma
tangu Jumapili. Ofisi ya ushirika wa chai
ina taa moja, jiko la mkaa moja, na mimi.
Mfumo mpya nimeusimika kwa mkono wangu,
flashi nimeazima kwa mwalimu wa fizikia;
ule wa zamani nimeufuta, ulijaa virusi
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.
Nimewasha. Nimengoja.
Skrini imeniletea giza,
herufi chache nyeupe juu kushoto,
na kistari kimoja kinachopepesa.

Hakuna picha. Hakuna mafaili yaliyojipanga
wala ule uwanda wa kijani waliouzoea wazee wa bodi.
Nasukuma kipanya kushoto, nasukuma kulia:
kinakwaruza meza tu, hakina pa kwenda.

Ambokile mlinzi akachungulia,
koti lake likimwaga maji mlangoni.
"Imekufa?"
"Sijui."
"Izime, uiwashe."
"Nimeshaizima mara nne."
"Ya tano hujaizima," akasema, akarudi zamu.
Nikaizima ya tano.
Giza lile lile.

Na kesho ni malipo.
Wakulima mia mbili na kumi na saba,
kilo zao za majani mabichi zimo kwenye diski ya pembeni.
Nitamwambia nini bibi Syabumi, atakayeshuka na utelezi alfajiri,
viatu mkononi?
Kwamba kilo zako zipo, bibi, ila hazionekani?
(Mlima Rungwe nao hatujauona wiki nzima
na hakuna aliyekwenda polisi.)

Nikakitazama kile kistari.
Saa tatu nzima nilikiona kama mshipa wa mgonjwa mahututi,
na kumbe nyuma yake kulikuwa na neno, na neno lilikuwa swali:
Nani?

Nilikuwa nimesimama uani nikilia nyumba haina mtu,
na mwenyeji yuko mlangoni anauliza, nani?
Mimi ndiye sikupiga hodi.

Nikaandika jina langu: tusekile, herufi ndogo.
Ikataka nywila. Nikaibonyeza bila kuona hata nukta,
kama umenyavyo ndizi umeme ukikatika,
vidole vikikumbuka.
Ikanifungulia.

Una nini humo ndani? Nikauliza kwa amri moja fupi.
Ikataja: diski, nzima. Kumbukumbu, gigabaiti mbili.
Tarehe inaijua. Saa yake iko nyuma dakika tatu, basi.
Ilikosa uso tu,
na uso sikuuomba: jana kwenye ukurasa wa visanduku,
mgongo ukiniuma, nilibonyeza Endelea, Endelea, Endelea,
kama mtu aitikiaye amina kwenye sala ndefu
asiyesikia kinachoombwa.

Nikachomeka diski ya pembeni. Nikaandika, nikakosea,
ikanijibu kavu kwamba haielewi, nikaandika tena.
Yakaja majina, meupe juu ya weusi, bila mapambo.
Nikayashusha hadi S.
Syabumi. Kilo arobaini na tatu na nusu.

Nikanywa chai iliyopoa.

Saa sita bando la usiku likaanza.
Simu nikaining'iniza dirisha la upande wa Katumba,
ndiko mtandao unakopita ukipenda,
nikaagiza uso. Asilimia tatu.
Ambokile akaleta ndizi za kuchoma ndani ya gazeti.
Asilimia kumi na tisa. Mtandao ukakata. Asilimia kumi na tisa.
Hatukusemeshana sana; mvua ilikuwa inasema.

Karibu na adhana ya kwanza nikaiwasha upya:
giza, herufi, giza,
halafu rangi ya bluu ikajaa taratibu
na kishale cheupe katikati, kidogo,
kama mgeni aliyeshushwa kituo asichokijua.

Saa moja na nusu mwenyekiti akaingia na mwavuli wake,
akainama, akaisoma skrini kwa kidevu.
"Eeh. Naona imepona."
"Haikuugua," nikasema,
nikampisha kiti.
Nje bibi Syabumi alikuwa anakung'uta tope,
anavaa viatu.